Mgonjwa kasema hataki kushikwa na mweusi, nikahamishwa chumba mimi. Hii ni sawa?

Nesi_Mtwapa

Wenzangu mlioko Uingereza, hasa manesi, naomba ushauri. Anayetaka kunicheka acheke, nshazoea.

Mimi ni nesi wa bendi 5 (ngazi ya kuanzia ya nesi aliyesajiliwa huku), wodi ya mifupa, kaskazini huku kwenye baridi. Nilikuja kwa ule mpango wa serikali mbili, Kenya na Uingereza, uliotiwa saini Julai 2021. Kabla ya hapo nilikuwa wodi ya upasuaji ya wanaume katika hospitali moja ya kaunti kule Pwani, kwa hiyo matusi ya wagonjwa si mageni kwangu. Aliyeanguka na bodaboda Jumamosi usiku, mnazi bado uko kichwani, hakuiti malaika.

Wiki iliyopita nilikuwa zamu ya usiku, nikapewa chumba cha vitanda sita. Kitanda cha dirishani yuko mzee aliyefanyiwa operesheni ya nyonga. Nikaenda na toroli la dawa, nikajitambulisha, nikamwambia saa ya sindano yake ya tumboni imefika, ile ya kuzuia damu isigande. Akautazama mkono wangu, akavuta shuka mpaka kidevuni. "Wewe hapana. Sitaki kushikwa na mweusi. Niitie nesi wa kweli."

Msiniambie labda kachanganyikiwa. Wazee wa nyonga huchanganyikiwa baada ya operesheni, hilo ndilo jambo la kwanza tunaloliangalia. Mchana alipimwa, nami nikampima tena. Umri wake, tarehe ya kuzaliwa, yuko wapi, mwaka gani: yote kajibu. Nikamwambia anitajie miezi kinyumenyume kuanzia Desemba, akaishusha yote bila kukwama. Akili yake timamu kabisa. Alijua anachosema na alijua anamwambia nani.

Nikaenda kwa msimamizi wa zamu. Nilidhani atainuka twende wawili. Hakuinuka. Akanambia kwa sauti ya upole, na upole huo ndio ulioniuma, "Usijali mpenzi, ana maumivu, tusimkasirishe. Wewe chukua chumba cha pili, nitampeleka huyu wa wakala."

Huyu wa wakala ni nesi mweupe aliyeletwa usiku huo kuziba pengo. Hajui kabati la dawa liko wapi na hana namba ya kuingia kwenye mfumo wa dawa wa kompyuta. Basi sindano akachoma yeye, halafu nikaitwa mimi niingie kwa jina langu nitie alama kwamba imetolewa. Yaani mikono yangu haifai kumgusa mgonjwa, lakini jina langu lafaa kubeba dawa ambayo sikuitoa. Nikakataa. Usajili wangu wa NMC, baraza linalosajili manesi huku, nimeutolea jasho: mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta, mtihani wa vitendo, na pesa za mjomba ambazo mpaka leo twalipana. Siwezi kuuweka rehani kwa sindano ya mtu mwingine. Msimamizi akaguna, akaipitisha kwa jina lake.

Kufika asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, nikaona kwenye karatasi, mbele ya jina la mzee: anatembea kwa fremu, hatumii sukari, anapendelea wahudumu weupe. Safu moja, mwandiko mmoja. Na zamu nzima ya mchana ikaisoma bila mtu kuinua kichwa, isipokuwa dada mmoja Mfilipino aliyenikanyaga mguu chini ya meza.

Na kitanda cha jirani yake alilala mzee wa Kipakistani, mguu uko kwenye vyuma, amesikia kila neno. Nilipomletea maji aliniomba msamaha. Yeye, aniombe mimi msamaha!

Sasa maswali yangu. Je, mgonjwa ana haki ya kuchagua rangi ya nesi? Je, msimamizi ana haki ya kunihamisha kwa sababu hiyo? Na nikiandika ripoti, viza yangu iko mikononi mwa mwajiri huyohuyo, si nitakuwa najikata mguu?

Kakamega_Leeds

Pole sana dada. Lakini wacha nikwambie ukweli vile mimi naona, hata kama hautaupenda.

Huyo mzee ako miaka ngapi, themanini na kitu? Hawezi badilika. Wewe umehamishwa chumba, mshahara haujahama. Umepata wagonjwa wengine ambao pengine wamesema asante. Mimi niko hapa tangu 2022, nimeitwa majina hata siwezi andika hapa, nafunga sikio, mwisho wa mwezi natuma pesa nyumbani, watoto wanasoma. Ukianza kesi na mwajiri anayekudhamini, akikufuta una siku 60 tu za kupata mdhamini mwingine ama upande ndege. Umefikiria hiyo? Na ule mkataba wa kurudisha gharama za kukuleta ukiondoka mapema, uliusoma?

Halafu tusijifanye watakatifu. Kule kwetu umewahi ona vile mgonjwa Msomali anaongeleshwa pale mapokezi? Umewahi sikia mama akikataa daktari kwa sababu ya jina lake la pili? Mimi nimeona. Hatukuita hiyo ubaguzi, tuliita siku ya kawaida.

Na swali lingine, naomba mtu anijibu vizuri. Mama Mwislamu akisema anataka nesi wa kike, anapewa bila maneno. Mbona huyo apewe na huyu mzee asipewe? Kuchagua ni kuchagua.

Mhaya_Birmingham

Nesi_Mtwapa, pole mdogo wangu. Mimi ni msimamizi wa wodi, bendi 7, niko kwenye mfumo huu tangu 2003, na hilo la karatasi limenitoa kwenye kiti. Nitakujibu kwa urefu, uvumilie.

La kwanza. Mgonjwa mwenye akili timamu ana haki ya kukataa matibabu. Akisema sitaki sindano, hapewi, hata kama damu itaganda, na unaandika kwamba amekataa baada ya kuelezwa hatari. Hana haki ya kuamua rangi ya mkono utakaomchoma. Wengi wetu tunayachanganya haya mawili, na wasimamizi waoga wanajificha humo humo. Huyo mzee hakukataa sindano. Alikuwa anapanga ratiba ya wafanyakazi, na msimamizi akampa kalamu.

Tangu Aprili 2020 mkataba wa kawaida wa NHS, huduma ya afya ya umma, huku England unairuhusu hospitali kumnyima huduma mgonjwa anayewabagua au kuwanyanyasa wafanyakazi, maadamu si dharura. Zamani ilikuwa mpaka awe mkali wa kupiga. Sasa maneno ya kibaguzi nayo yamo. Haina maana kwamba unamtupa mzee wa nyonga barabarani usiku. Maana yake ni kwamba kuna ngazi: anaambiwa kwa mdomo, akirudia anaandikiwa barua, na anayemwambia ni hospitali, si wewe peke yako kando ya kitanda. Tafuta sera ya hospitali yenu kwenye mtandao wa ndani. Ipo. Nakuhakikishia msimamizi wako hajaisoma.

Kwangu mimi maneno ni haya, nimewafundisha vijana wangu wote: "Mimi ndiye nesi wako usiku huu. Hataletwa mwingine kwa sababu ya rangi. Dawa ukiikataa ni haki yako, nitaandika umeikataa. Nitarudi baada ya nusu saa kukuuliza tena." Unasema polepole, unaondoka. Baada ya nusu saa unarudi na mwenzako. Asilimia kubwa wanakubali, kwa sababu walikuwa wanapima tu kama kuna mtu atakayewazuia. Wasiokubali, namwita daktari wa zamu aje aongee nao, na mimi mwenyewe nasimama pale.

Kuhusu kuhamishwa: wakati mwingine kumwondoa nesi kwenye chumba ni sawa. Mgonjwa amerusha chupa ya mkojo, nesi anatetemeka, nitamtoa. Lakini nitamuuliza kwanza: wewe unataka nini, ubaki nikusimamie au utoke upumzike? Wewe hukuulizwa. Ulipangwa kama fenicha kwa ajili ya starehe ya aliyekutukana. Hapo ndipo mwajiri anapoingia kwenye Sheria ya Usawa ya 2010, maana mfanyakazi kapewa kazi kwa kigezo cha rangi yake na aliyefanya hivyo ni mwajiri, si mgonjwa.

Na ile karatasi ndiyo mbaya kuliko yote, kwa sababu inawaagiza wanaokuja. Usiku wa kwanza alikuwa mtu mmoja na uoga wake. Ikishaandikwa, ni utaratibu wa wodi.

Kakamega_Leeds, kuhusu nesi wa kike. Mwanamke kuomba mwanamke amwoshe au amwekee katheta, mrija wa mkojo, ni stara ya mwili wake, na tunajitahidi kumpa yeyote anayeomba, Mwislamu, Mkristo, asiye na dini, wanaume pia. Haimwambii nesi wa kiume kwamba yeye si nesi. Huyu mzee sindano yake iko tumboni, inachukua sekunde. Stara gani hapo?

Kakamega_Leeds

Sawa, hiyo ya stara nimekuelewa. Ya viza bado hujanijibu.

Mhaya_Birmingham

Nakuja. Niko zamu, nitaandika nikitoka.

BiMkubwa_Unguja

Assalamu alaykum wanangu. Mjukuu wangu ndiye aandikaye, mimi nasema.

Nilikuja Uingereza 1971 kutoka Unguja kupitia Mombasa, msichana, na barua ya hospitali mkononi inayosema nitasomeshwa uuguzi. Sikuambiwa uuguzi uko wa namna mbili. Kuna SRN, miaka mitatu, hao ndio wa kupanda mpaka kuwa sista, yaani msimamizi wa wodi, na matroni. Na kuna SEN, miaka miwili, hao ni wa kuosha, kulisha na kubeba vyungu mpaka mgongo uvunjike. Darasa letu la SEN lilikuwa la Waafrika, Wahindi na wasichana wa visiwa vya Karibi, na Waairishi wawili watatu. La pili ukilichungulia kupitia kioo cha mlango, halikuwa na wa kufanana nasi. Hakuna aliyetutukana. Walitupangia kwa adabu, wakatupa chai.

Mwenzangu mmoja wa Barbados alikuwa na vyeti vya shule vizuri kuliko msimamizi wetu. Akaja kujua baada ya kumaliza kwamba kwao hicho cheti cha SEN hakitambuliwi. Miaka miwili ya ujana wake.

Sheria ya ubaguzi kazini ilikuwapo tayari, ya 1968, lakini nani angekwambia? Sisi tulikuwa hatujui hata ofisi ya kwenda. Wagonjwa walisema waliyosema. Mmoja alikuwa akinisugua mkono na kitambaa chenye maji aone kama weusi unatoka. Sikumchukia huyo, alikuwa mshamba tu. Niliyemchukia ni yule aliyeninyooshea fomu ya SEN akatabasamu, naye alijua.

Mwanangu wa Mtwapa, usikubali kuambiwa ni mambo madogo. Mimi nilirudi shule nikiwa na watoto watatu nikaitafuta hiyo SRN, nikaipata, na nikastaafu sista. Lakini miaka iliyopita katikati hapo hakuna aliyenirudishia.

Pwani_ICU

Shikamoo Bi Mkubwa.

Naongeza jambo ambalo liko kando kidogo ya swali. Sote tunaongea kama ubaguzi hospitalini ni matusi peke yake. Mimi niko chumba cha wagonjwa mahututi, na wodi yetu ina kifaa kinachobagua bila kufungua mdomo: kile cha kubana kidole kupima oksijeni.

Desemba 2020 watafiti wa Michigan walichapisha hesabu zao. Walichukua wagonjwa ambao kifaa kilisema oksijeni ni 92 hadi 96, yaani hawako vibaya, wakalinganisha na oksijeni ya damu iliyotolewa kwenye ateri. Kwa wagonjwa weupe, karibu 4 katika kila 100 damu yao ilikuwa chini ya 88. Kwa weusi, karibu 12. Mara tatu. Wamelala pale wakiishiwa hewa na kioo kinawaambia wako sawa. Mwanga wa kifaa hupita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi humeza sehemu ya mwanga huo. Waliokitengeneza walikipima zaidi kwenye ngozi nyeupe. Serikali ya hapa iliunda jopo chini ya Profesa Margaret Whitehead, likatoa ripoti Machi 2024 na kukubali kwamba tatizo lipo.

Kwa hiyo mgonjwa mweusi akiniambia "nesi, sipumui vizuri" na kifaa kinasema 94, mimi sikiamini kifaa. Naangalia kifua kinavyopanda, namsikiliza anavyokata sentensi, namwomba daktari apime damu yenyewe. Mwezi uliopita daktari mmoja kijana alinijibu "lakini namba ni nzuri". Nikamwambia namba ni nzuri kwa nani. Akapima, na hakurudi kubishana.

Na vidonda vya mgongo, vile vya kulala sana kitandani! Tulifundishwa tutafute wekundu. Wekundu gani kwenye ngozi ya mama wa Kisudani? Unashika, unasikia joto na ugumu. Hili manesi wetu tunalijua kutoka nyumbani, na kwenye wodi zetu sisi ndio tunaowafundisha wenzetu. Ndiyo maana inauma zaidi mtu akisema umletee nesi wa kweli.

Nesi_Mtwapa

Bi Mkubwa, shikamoo. Nimesoma maneno yako mara mbili nikiwa kwenye basi, nikapitiliza kituo.

Kakamega, sijakukasirikia. Unayosema ya kwetu ni kweli. Nami nilikuwa kwenye wodi ambayo wagonjwa wa kutoka bara waliambiwa "subiri kidogo" kuliko wengine, na kuna siku sikusema kitu. Lakini hilo halimpi huyu mzee haki, lanipa mimi deni tu.

Naomba niseme kinachonikera hasa. Agosti 2024, zile fujo zilipoenea baada ya watoto kuuawa Southport, hospitali yetu ilitupenda sana. Tuliandikiwa barua, tuko pamoja nanyi, tukagawiwa beji za moyo, tukalipiwa teksi turudi nyumbani usiku. Kule Sunderland manesi wawili wa Kifilipino walikuwa ndani ya teksi wakienda kazini kusaidia katika hiyo dharura, wakavurumishiwa mawe. Wodi yetu nzima ililia. Msimamizi wangu huyuhuyu alinikumbatia. Kwa hiyo najua si mtu mbaya. Adui akiwa barabarani na jiwe mkononi, anamwona. Akiwa kitandani na pajama ya mistari, ni mzee mwenye maumivu.

Na woga wangu si viza peke yake. Wenzangu hapa wananitisha kwamba ukiripoti utaripotiwa wewe NMC, watatafuta kosa lolote, dawa iliyochelewa dakika kumi. Hata hao NMC wenyewe, ripoti ile ya Julai 2024 ya Nazir Afzal ilikuta ubaguzi ndani ya ofisi zao. Sasa mtu akimbilie wapi?

Mhaya_Birmingham

Nimetoka zamu. Mdogo wangu, woga huo hauna aibu, una sababu. Ndiyo maana nataka uandike kabla hujaongea tena na mtu yeyote.

Leo hii, kabla ya kulala, fungua daftari lako binafsi, si kompyuta ya kazini. Andika tarehe, saa, kitanda namba ngapi bila jina la mgonjwa, maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kiingereza chake, usiyalainishe. Andika msimamizi alisema nini. Andika nani alikuwa karibu. Andika habari ya kuombwa utie alama dawa ambayo hukutoa, maana hilo peke yake ni kosa kubwa la usalama wa mgonjwa, na wakitaka kukugeuzia kibao ndilo litakalokulinda. Usipige picha ile karatasi, ina siri za wagonjwa, watakushika kwa hilo. Andika tu kwamba uliiona, saa ngapi, na ilisema nini.

Kisha ingia kwenye Datix, au mfumo wowote mnaotumia wa kuripoti matukio, uandike tukio kama ambavyo ungeandika mgonjwa ameanguka. Bila hasira, bila neno "nahisi". Nisikilize vizuri hapa: manesi wengi weusi hawaandiki, halafu mwisho wa mwaka hospitali inasema haina tatizo kwa sababu haina ripoti. Tangu 2015 hospitali za NHS huku England zinatakiwa kutoa takwimu za usawa wa rangi kwa wafanyakazi wao, wanaita WRES. Humo wanaulizwa wafanyakazi wangapi wamenyanyaswa na wagonjwa, wangapi wamebaguliwa na wakubwa wao, nani anapandishwa cheo, nani anaingizwa kwenye nidhamu. Soma ya hospitali yenu, ipo wazi kwa umma. Utaenda kwenye kikao ukiwa na namba zao wenyewe.

Viza sasa. Kakamega, umesema kweli kuhusu siku 60, na sitamdanganya mtu kwamba hakuna hatari. Lakini kumfukuza mtu kwa sababu amelalamikia ubaguzi ni kosa jingine chini ya sheria hiyohiyo ya 2010, na hospitali za umma zinalijua hilo vizuri. Nyumba binafsi za kulea wazee ni habari nyingine, huko nimeona watu wakinyamazishwa kwa viza mchana kweupe. Nesi_Mtwapa yuko hospitali ya umma, amesajiliwa, wodi za mifupa nchi nzima zinalia kukosa watu. Hayuko uchi kama anavyojiona.

Muda ndio wa kuangalia. Kwenda mahakama ya kazi kuna kikomo tangu tukio, kwa miaka mingi kimekuwa miezi mitatu kasoro siku moja, na lazima upitie kwanza shirika la usuluhishi, ACAS. Watu wanangojea malalamiko ya ndani yaishe, yanachukua miezi mitano, mlango umefungwa. Sisemi uende mahakamani. Nasema ujue tarehe yako. Michelle Cox, nesi mweusi wa ngazi ya juu Manchester, alienda, akisaidiwa na chama cha manesi, RCN, na Februari 2023 mahakama ikasema NHS England ilimbagua. Moja ya mambo yaliyothibitishwa ni kwamba bosi wake alikuwa akipanga siku za timu kukutana nje ya ofisi katika tarehe ambazo yeye hawezi kufika. Hakuna aliyemwita jina. Walipanga tarehe tu. Bi Mkubwa ataelewa.

Kuna pia mlezi wa kusema wazi, mtu wa kupelekewa malalamiko ya wafanyakazi, kila hospitali ya NHS huku England inaye, cheo kilichotokana na ripoti ya Robert Francis ya 2015. Wengine ni wazuri, wengine wanakupa tishu na kipeperushi. Jaribu, lakini usimtegemee peke yake.

Uko kwenye chama?

Nesi_Mtwapa

RCN, tangu mwezi wa kwanza. Mama mmoja Mzimbabwe alinilazimisha siku ya mafunzo, akasimama mpaka nikajaza fomu.

Mhaya_Birmingham

Mwombee huyo mama. Wapigie leo.

Nesi_Mtwapa

Jamani, narudi na habari, nzuri kidogo na nyingine sijui niiweke wapi.

Niliandika ripoti. Siku mbili kimya. Kisha msimamizi mkuu wa wodi, si yule wa zamu, akaniita. Nikamwambia nitakuja na mwakilishi wa chama, akabadilika sauti, akasema ni mazungumzo tu ya kawaida. Nikasema sawa, nami nitakuja na mwakilishi kwa mazungumzo ya kawaida. Tulikaa tarehe nyingine.

Mwakilishi ni mwanamume wa Kiwelsh, hana maneno mengi. Aliuliza kitu kimoja: karatasi ile, nani aliidhinisha iandikwe vile? Chumba kikawa kimya. Hakuna aliyejua. Imeandikwa, imepita zamu nne, na hakuna aliyeiandika! Msimamizi mkuu akakubali iondolewe na iandikwe kwamba iliondolewa kwa nini. Suala la kuombwa kutia alama ya dawa limechukuliwa kivyake, na hapo ndipo nilipoona uso wa mtu ukiogopa kweli. Ubaguzi wangu waliuzungumza kwa dakika kumi, sindano kwa nusu saa.

Yule msimamizi wa zamu alinisubiri kwenye chumba cha chai. Akaniambia, "Nilidhani nakukinga." Nikamwambia ungeniuliza. Akasema kweli hakuwaza kuuliza. Hatujaongea tena zaidi ya kazi, na mimi sina haraka.

Mzee alikuwa bado yupo. Usiku uliofuata nikapangiwa chumba kilekile, nilitaka mwenyewe. Nikamwambia maneno ya Mhaya, neno kwa neno, mwenzangu Mfilipino kasimama nyuma. Akakataa sindano. Nikaandika kakataa. Baada ya nusu saa nikarudi, akakataa. Daktari wa zamu akaja, kijana wa Kinigeria, lo, nilitamani kucheka! Mara ya tatu akainua fulana mwenyewe, akageuza uso dirishani. Hakusema asante na sikuingojea. Kesho yake akapelekwa hospitali ya mazoezi karibu na kwao. Barua ya onyo ambayo sera inasema apewe haikuandikwa. Nimeuliza. Wanasema ameshaondoka.

Hiyo barua bado naidai.

Pwani_ICU

Idai kwa maandishi. Na omba sera ipitiwe na wasimamizi wote wa zamu, wasaini kwamba wameisoma.

BiMkubwa_Unguja

Mjukuu kanisomea. Yule mzee wa Kipakistani je, kuna aliyekwenda kumuuliza naye alivyoyasikia? Maana huyo hana chama.

Nesi_Mtwapa

Hakuna, Bi. Yuko bado kitanda kilekile. Naingia zamu Alhamisi, nitakaa naye, na akitaka nitamletea fomu ya malalamiko ya wagonjwa. Binti yake huja jioni na anajua kuandika.

Kakamega_Leeds

Naona nimebaki peke yangu upande wangu. Haya. Hiyo RCN mtu anajiunga vipi, na ni tofauti gani na Unison? Mke wangu ni msaidizi wa manesi, si nesi.

Mhaya_Birmingham

RCN ni ya manesi, wanafunzi wao na wasaidizi wao, kwa hiyo nyote wawili mnaingia. Unison inachukua kila mtu hospitalini, mpaka mpishi na msukuma machela, na mchango unategemea mshahara. Zote mnajiunga kwa simu. Fanyeni kabla ya tatizo, kwa sababu mara nyingi chama hakichukui kesi iliyoanza kabla hujawa mwanachama. Na hiyo yako ya majina usiyoweza kuandika hapa, ya mwisho ilikuwa lini?

Kakamega_Leeds

Jumapili.